Shoo ya kusoma mawazo, niko peke yangu jukwaani: niwaambie watu ni mchezo au ninyamaze?

Bahasha_Mwenge:

Wakuu, habari za jioni.

Mchana nina steshenari hapa Mwenge, jioni na wikiendi nafanya mazingaombwe. Sherehe za kampuni, sendofu, na mara mojamoja shule ya msingi mkuu wa shule akikubali. Siku hizi njiwa na vitambaa nimeweka pembeni, nimehamia kwenye kusoma mawazo. Kwanza hakuna mizigo: kalamu, karatasi, bahasha, basi, na vyote navitoa dukani kwangu kwa bei ya jumla. Pili, watu wa Dar wameshaona kila kitu kwenye simu. Ukimtoa njiwa kwenye kofia wanakuuliza umemnunua shilingi ngapi. Ila mtu ukimtajia jina alilokuwa analiwaza moyoni, anakaa kimya.

Sasa nimepata ukumbi mdogo Upanga, nataka shoo yangu mwenyewe. Saa moja na dakika kumi, bila msaidizi, bila bendi, bila MC. Mimi, meza, kiti na maiki. Mbinu sihitaji, vipande vyangu viko tayari. Kinachoninyima usingizi ni kitu kingine.

Juzijuzi nilialikwa siku ya familia ya kampuni fulani, ufukweni Kigamboni. Nusu saa tu, kati ya pilau na mashindano ya kuvuta kamba. Nikamwita mama mmoja mtu mzima, kavaa kitenge cha bluu, nikamwomba amuwaze mtu aliyemfundisha kusoma. Nikamtazama, nikaandika kwa makapeni kwenye kibao, nikageuza: MWALIMU ANASTAZIA. Mama akajiziba mdomo. Watu wakalipuka. Nikainama, nikachukua makofi yangu, nikaendelea na mwingine.

Nafungasha vitu, namuona anakuja peke yake mchangani, ndala mkononi. Hakupoteza muda. "Baba, mwanangu alikwenda Sauzi, ana miaka hajapiga simu. Niambie tu kama yu hai. Aliko sitaki kujua." Nikamwambia, mama, mimi sijui, ule ulikuwa mchezo tu. Akaniangalia. "Mwalimu Anastazia amekufa mimi bado binti mdogo, huko Songea. Hapa hakuna anayemjua. Umemjua yeye, mwanangu anakushindaje?" Akafungua fundo la kitenge, akatoa elfu kumi. Alidhani nangoja hela.

Sikuipokea. Lakini sikuwa na la kusema zaidi, na dereva alikuwa anapiga honi tuwahi pantoni.

Naomba ushauri wa waliowahi kupanda jukwaani na wa wanaokaa chini kutazama. Nikisema wazi kwamba sina jini wala maono, naua shoo? Nisiposema, watu kama yule mama nawajibu nini?


Mnyama_Tabata:

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu, hayo ya Upanga baadaye. Nisomee kichwa cha kocha Jumamosi anamwanzisha nani, mkeka wangu umebakiza timu moja.


Kiini_Macho_Mstaafu:

Mleta mada, umeuliza kitu ambacho wengi wa fani hii wanakiruka.

Mimi nilizunguka na mazingaombwe shule za msingi za Temeke mpaka Kisarawe na Mkuranga, enzi mtoto anaingia na shilingi ishirini yake, asiye nayo anachungulia dirishani na sisi tunajifanya hatujamuona. Shule moja nikatoa sarafu kwenye sikio la mtoto, kitu cha kawaida kabisa. Kabla sijafunga begi mwalimu mkuu ananiita ofisini, anarudishia mlango, ananiomba nimtajie anayeiba mahindi ya stoo. Karatasi yenye majina matatu ilikuwa mezani tayari. Ningeweka kidole popote pale, siku hiyo kuna mtu angeumia.

Kwa hiyo jibu langu ni moja: sema. Sema kwa mdomo wako, si kwenye bango. Na kuna upande wa sheria pia. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na haimhusu mchawi peke yake. Hata anayejionyesha kwa maneno au vitendo kwamba anao uwezo huo ametajwa humo. Ukijisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, baki hukohuko kwenye usanii.

Kuua shoo? Derren Brown wa Uingereza yuko kwenye televisheni tangu 2000 na miaka yote anawaambia watu hana uwezo wowote wa ajabu, ni saikolojia, ushawishi, kuwahamisha macho na usanii wa jukwaa. Kumbi zinajaa. Marekani alikuwepo Kreskin, aliyefariki Desemba 2024 na miaka yake 89. Naye hakutaka kuitwa mwenye maono. Kipande kilichompa jina ni hiki: hundi ya malipo yake ya usiku ule inafichwa na watazamaji popote ukumbini, yeye yuko nje analindwa. Akirudi asipoiona, halipwi. Alishindwa mara chache mno, na aliposhindwa aliondoka mikono mitupu.

Hicho kinakufaa wewe uliye peke yako, maana hakitaki msaidizi wala kifaa. Unamshika kifundo cha mkono mtu anayejua kilipofichwa kitu, unamwambia asiseme neno, awaze njia tu: kulia, kushoto, mbele. Wewe unatangulia nusu hatua. Ukielekea siko, mkono wake unakuwa mzito, unabaki nyuma. Ukishika njia yenyewe unalegea, unakuja. Ukifika penyewe unasita, na hapo ndipo wanagenzi wengi wanapoharibu, wanapitiliza kwa haraka. Mwenye mkono hajui kabisa kwamba yeye ndiye anakuongoza. Daktari mmoja Mwingereza, William Carpenter, alilieleza jambo hilo 1852: wazo lenyewe linasukuma misuli kidogo bila mtu kukusudia. Miaka ya 1870 Mmarekani J. Randall Brown akaligeuza kuwa shoo, halafu Washington Irving Bishop akalipeleka mpaka Ulaya, anatafuta pini iliyofichwa huku kafungwa kitambaa machoni. Fanya mazoezi na wateja wako dukani, mmoja afiche kifutio kwenye rafu.

Mwisho wa Bishop usiuige. Mei 1889, New York, alianguka katikati ya maonyesho, akazinduka, akang'ang'ania kuendelea, akaanguka tena. Madaktari wakatamka amekufa, na haikuchukua muda wakampasua. Mama yake aliapa mpaka naye anakufa kwamba mwanawe alikuwa na maradhi ya kuzimia na wamempasua akiwa hai. Kwa hiyo kula kabla ya shoo.


Nalipa_Nione:

Mimi napinga. Nikilipa elfu ishirini yangu nataka nirudi nyumbani Sinza nikiwa sielewi nimeona nini. Ukishaniambia ni mchezo naanza kutafuta waya, namwangalia jirani yangu kama umempanga, nachungulia mikono yako. Umeniharibia. Mpishi hasimami mlangoni kukwambia supu ina maji kiasi gani.


Mama_Wawili_Kimara:

Babu hapo juu kaongea vizuri, lakini yule mama wa kitenge mmempita hivihivi.

Shangazi yangu aliuza kiwanja Goba kwa sababu ya mtu aliyemtajia namba yake ya simu madhabahuni. Mahali sipataji. Namba! Shangazi aliijaza mwenyewe mlangoni kwenye fomu ya wageni, kwa kalamu waliyompa wao. Nilipomkumbusha akanijibu ile fomu ilikuwa ya kukaribishwa tu, haihusiani. Marekani kulikuwa na mhubiri Peter Popoff, anataja majina ya wagonjwa, magonjwa yao, mpaka wanapoishi. Mwaka 1986 James Randi, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamazingaombwe, akaenda na wenzake wakiwa na mtambo wa kunasa redio. Masafa 39.17 MHz: mke wa mhubiri yuko nyuma anamsomea mumewe sikioni kadi za maombi ambazo watu walijaza kabla ya ibada. Na wasio na redio wanatumia herufi. "Kuna mtu hapa, jina lake linaanza na M." Dar es Salaam hii! Mohamedi, Maria, Mwajuma, Musa, Mariamu, nusu ya safu inasimama.

Sasa wewe kaka Bahasha. Yule mama hakukosea hesabu. Alichokuona ukikifanya na alichokuomba, kwake ni kitu kimoja, na mmoja kati yenu ndiye aliyemwonyesha hivyo. Ukisema "sijui", yeye anasikia "sitaki kukwambia". Mama zetu wameshakwenda kwa watu wanaosema sijui wakimaanisha ongeza. Ndiyo maana fundo likafunguka.

Mimi nasema mwambie ulivyolipata jina la Mwalimu Anastazia. Mvunjie siri. Yeye peke yake, pembeni, kwa sauti ya chini, mwonyeshe kwa mikono yako. Halafu mwelekeze kunakoelekezeka. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana, wanashirikiana na wenzao wa nchi nyingine, Afrika Kusini ikiwemo. Wanachukua jina kamili, umri, mahali alipopatikana mara ya mwisho, wanafuatilia. Hawaahidi. Ubalozi wetu Pretoria nao upo. Mtu mwenye mtoto aliyepotea akiondoka na mahali pa kwenda Jumatatu asubuhi, hawezi kukuona wewe ndiye mlango wa mwisho.


Kiini_Macho_Mstaafu:

Dada wa Kimara, hapo kwenye kuvunja siri naomba tukosane kwa heshima. Aliyenifundisha mimi aliniapisha. Leo umemwambia mama mmoja kwa huruma, kesho mwanawe mwingine kaiweka mtandaoni, keshokutwa vijana wote wanaokula kwa kipande kile wamelala njaa.


Mama_Wawili_Kimara:

Babu, shikamoo. Kiwanja cha Goba hakikurudi.


Mhadhiri_Pembeni:

Nafundisha saikolojia, na nina jambo litakalowaudhi wote wawili, Babu na Nalipa_Nione.

Mwaka 1980 walimu wawili wa chuo kikuu kimoja cha California, Barry Singer na Victor Benassi, walichapisha jaribio lao. Walimvika kijana wa mazingaombwe joho la zambarau, wakamwingiza darasani afanye vipande vyepesi, pamoja na kusoma namba akiwa kafungwa macho. Madarasa mengine waliambiwa huyu anadai ana nguvu za ajabu. Mengine waliambiwa waziwazi huyu ni mwanamazingaombwe, atakachofanya ni ujanja. Walipoandika walichoona, hata kwenye darasa lililoambiwa ukweli, zaidi ya nusu walisema wameona nguvu za kweli. Na hao ni wanafunzi wa chuo, Marekani.

Kwa hiyo Nalipa_Nione usihofu, tangazo haliui chochote. Ukiwa ukumbini mwili wako utasisimka vilevile. Na Babu, tangazo peke yake halimkingi mtu. Mleta mada alisema "ni mchezo" kwa mdomo wake pale mchangani, mama akamjibu kwa hoja.

Ninachoshauri ni kuangalia unawaambia watu wawaze nini. Aliyemfundisha mtu mzima kusoma, kwa umri wa yule mama, kuna uwezekano mkubwa ni marehemu. Uligusa kaburi bila kujua, na ukishagusa kaburi moja mtu atakuletea la pili. Ondoa marehemu, ugonjwa, mimba, ndoa, mwizi, aliyepotea. Bado vinabaki vingi vizuri zaidi. Mwambie mtu awaze kituo cha daladala alichowahi kupitishwa kwa usingizi. Awaze chakula cha kwanza alichokula siku anaingia Dar. Awaze jina la utani alilopewa shuleni ambalo mkewe halijui. Ukumbi utacheka, na hakuna atakayekufuata nje akilia.

Kitu kingine kidogo: acha ule utamaduni wa "wewe ni mtu mwenye huruma lakini watu hawakuelewi". Mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kumbe yote ni karatasi moja, maneno kayaokota kwenye kitabu cha nyota. Kwenye alama tano wakampa wastani wa 4.26. Rahisi mno, na ndiyo kazi ya wapiga ramli. Wewe unatafuta jina, una kibao na makapeni. Kaa hapo.


Fundi_Spika_Ilala:

Nyie wasomi mnabishana kuhusu kusema mwanzoni mwa shoo. Mwanzo upi?

Nimefunga vyombo karibu kumbi zote za mjini hapa. Tiketi inasema saa moja usiku. Saa moja ukumbini yupo mlinzi, mimi, na ndugu wawili wa msanii. Saa moja na nusu wanaanza kuingia wa Masaki waliokwama Daraja la Tanzanite. Saa mbili ndiyo wa Mbezi na Kimara, jasho mwili mzima, wanauliza tumeshapitwa na nini. Ukisema ya kwako mwanzoni, umemwambia mlinzi.

Sema katikati. Piga vipande vitatu, watu wakishakaa na midomo wazi, simama karibu na taa, sema maneno yako mawili matatu, endelea. Sentensi fupi, maana hapo ndipo simu zote ziko juu zinarekodi, na hicho kipande ndicho kitakachozunguka. Afadhali kizunguke na maneno yako ndani.

Mengine ya kazi: usishike maiki mkononi. Utahitaji mkono mmoja wa kibao na mmoja wa kalamu, chukua ya kubana shavuni, betri mpya, na nyingine mfukoni. Umeme ukikatika jenereta lina sekunde zake kabla ya kushika. Panga utakachosema gizani, maana kwenye shoo ya aina yako watu watadhani wewe ndiye umezima. Na usimchague mtu kwa kidole. Dar hii ukimnyooshea mtu kidole tayari ni binamu yako. Finyanga karatasi iwe mpira, tupa nyuma bila kuangalia, aliyedaka amtupie mwingine, naye mwingine. Wa tatu ndiye anapanda.


Nalipa_Nione:

Hapo kwenye mpira wa karatasi nimekubali. Nikidaka mimi nitaamini.


Bahasha_Mwenge:

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili.

Niseme nilipofikia. Nitasema, na nitasema katikati kama Fundi alivyoshauri, baada ya kipande cha tatu. Maneno yenyewe nimeyajaribu leo dukani kwa kijana anayenisaidia: "Sina jini, sina maono, sijaoteshwa. Nimejifunza kazi hii kama fundi cherehani alivyojifunza yake. Ningekuwa najua yaliyofichika, kodi ya fremu isingenishinda." Kacheka. Ila kisha kaniuliza, kwa hiyo ile ya juzi ulijuaje, kwa macho yaleyale ya mama wa Kigamboni. Mhadhiri, nimekuelewa vizuri pale.

Mwalimu wa darasa la kwanza nimemtoa kwenye shoo. Kituo cha daladala kimeingia. Nimekijaribu kwa mteja aliyekuja kutoa kopi, kumbe aliwahi kulala Makumbusho akaamkia Bunju, na alianza kucheka kabla sijageuza kibao.

Kuhusu siri, Babu, mimi pia niliapa. Lakini yule mama nimemtafuta kupitia aliyenialika, anakuja dukani Jumanne. Nitafunga mlango nusu, nimpe bahasha na kalamu, nimwonyeshe taratibu mpaka aweze kunifanyia mimi. Nadhani akishalitaja yeye jina la mwalimu wangu, tutaelewana. Halafu twende wote ofisi za Msalaba Mwekundu. Ana barua moja ya mwanawe kutoka Durban, aliniambia aliyenipa namba yake. Nimemwomba aje nayo.

Na kipande cha kutafuta malipo yangu nimekichukua. Makusanyo ya tiketi yote, baada ya kulipa ukumbi, yanaingia kwenye bahasha ya kaki, watazamaji wanaificha. Nisipoiona, inakwenda kituo cha watoto watakachochagua wao.


Kiini_Macho_Mstaafu:

Jumanne mimi sijaona wala sijasikia. Mfundishe polepole, vidole vya watu wazima vinachelewa. Na kwenye kutafuta bahasha chagua mtu mwenye wasiwasi kidogo, mkono wake unaongea. Mlevi usimguse, atakuzungusha ukumbi mzima.


Fundi_Spika_Ilala:

Hela ya spika na jenereta naomba nilipwe kabla bahasha haijafichwa.